Nilimwita mvivu, kumbe...!

Msomaji wangu, leo sina stori ya kuchekesha. Leo najisema mwenyewe.

Nina kaduka ka steshenari hapa Bukoba mjini, si mbali na stendi. Natoa kopi, nachapa barua, na msimu wa kuomba mikopo ya chuo ukifika, vijana wanajazana mlangoni kama senene kwenye taa.

Mwaka 2023 akaja mmoja wa Muleba. Kamaliza kidato cha sita, matokeo bomba, viatu hoi. Shule alijikongoja akafika: ada ya sekondari ilifutwa 2016 hadi kidato cha nne, na 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na sita. Mlima wake ulikuwa chuo kikuu. Baba hana, mama hana, analelewa na bibi.

Nikamwambia, "Dogo, usihofu. Niletee cheti cha kuzaliwa na vyeti vya vifo vya wazazi, vihakikiwe RITA, halafu tuombe mkopo. Hela ya fomu juu yangu."

Jioni kijiweni nikatamba: "Jamani, nina mtoto namsomesha." Ati namsomesha! Hata shilingi ilikuwa bado haijatoka mfukoni.

Wiki ikapita, kimya. Nikapiga simu. "Kaka, kesho nakuja." Kesho ikazaa kesho. Wiki ya tatu uzalendo ukanishinda, nikamfokea: "Wewe mvivu! Wenzako wanaililia bahati hii, wewe unaikalia!" Hakujibu. Simu ikakatika.

Jumapili nikapanda Hiace mpaka Muleba, kisha pikipiki ya Nshamba, maneno makali yamenijaa mdomoni. Nikamkuta kibanjani anapogoa migomba. "Shikamoo kaka," akasema, macho chini. Bibi akanikaribisha ndani, akaniwekea kahawa ya kutafuna, akakaa.

"Mwanangu, usimgombeze. Tatizo ni karatasi ya baba yake."

Mama alifia hospitali, cheti kipo. Baba alifia hapo hapo nyumbani mwaka 2009, akazikwa nyuma ya nyumba kwenye migomba. Nani angekumbuka kwenda kuandikisha? Sasa kupata cheti ilibidi bibi aende kwa mtendaji, kisha kwa msajili wa wilaya. Na huko utaulizwa: marehemu alikufa kwa ugonjwa gani?

Hapo nikanyamaza. Sisi wa Kagera hatuhitaji kufafanuliwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika mkoani kwetu mwaka 1983. Wazee wakauita Juliana, jina la kitambaa. Dawa za bure zilianza kutolewa 2004, ila wengine walichelewa kuzifuata kwa kuogopa macho ya watu. Zaidi ya miaka arobaini imepita na bado kuna nyumba ambazo lile neno halitajwi.

Kijana hakuwa mvivu. Hakutaka bibi yake asimame mbele ya meza ya ofisi, watu wamepanga foleni nyuma yake, alitaje. Bora akose chuo.

Ningeyajua hayo tangu wiki ya kwanza kama ningeuliza, "Dogo, kuna nini?" Mimi kila siku nilikuwa nauliza, "Vyeti viko wapi?" Nilichemsha.

Nikawaomba radhi, bibi kwanza, kijana baadaye. Kesho yake nikafunga duka, tukaenda watatu kwa mtendaji, halafu wilayani. Bibi kavaa kitenge chake cha kanisani. Zamu yetu ilipofika, kijana akataka kutangulia kusema. Bibi akamshika mkono, akalitaja mwenyewe, kwa sauti ya kawaida tu. Karani akaandika, hata kichwa hakuinua.

Tulipotoka nje bibi akacheka. "Kumbe ni neno fupi hivi! Na nimelibeba miaka yote hii."

Cheti kilitoka siku za kuomba zikiwa zinaishia. Fomu ikasainiwa na serikali ya kijiji, wakili akagonga muhuri, ikaenda. Mkopo alipata, ingawa haukutosha yote. Mshiko wa nauli na godoro tuliuchangishana kijiweni, pale pale nilipotambia. Siku anaondoka bibi alimfungia senene wa kukaanga kwenye kopo, akamwambia asiwagawie wote siku moja.

Basi wewe wa mjini unayetaka kumshika mkono mtoto wa kijijini, hela ni nzuri, lakini anza na karatasi, tena mapema, asisubiri kidato cha sita. Tazameni cheti cha kuzaliwa, vya vifo kama ni yatima, na majina yafanane herufi kwa herufi na ya shuleni.

Na akikwambia "kesho" mara tatu, usipandishe sauti. Panda Hiace.