Sukari ya kutia chupani

Mpwa wangu Eliya,

Nimefurahi kusikia bia yako imeshachachuka, ndoo nzima ya lita 20, na kwamba kinachokukosesha usingizi huko Glasgow ni sukari ipi uitie ili ipate gesi chupani. Jibu langu litakukera: ile nyeupe ya kawaida uliyonayo kabatini kwa ajili ya chai.

Maduka ya vifaa yatakusifia glukosi ya mahindi. Si mbaya, ila hamira ina kimeng'enya chake cha kuikata sukari nyeupe kuwa glukosi na fruktosi, kisha inazila zote mbili. Wanaosema sukari nyeupe huifanya bia iwe kama mvinyo wa tufaha, wamwambie anayetia kilo nzima badala ya kimea. Wewe unatia gramu chache tu.

Uzito ndio wa kuhangaika nao. Sukari ikiliwa, karibu nusu ya uzito wake hugeuka gesi, na chupa ikishafungwa gesi haina pa kwenda. Kwa bia yako iliyochachukia kwenye nyuzi 20 hivi, gramu 115 zinatosha. Ukishikilia glukosi, weka 130. Pima kwa mizani, usipime kwa kijiko. Ichemshe na kikombe cha maji dakika chache, imimine kwenye ndoo safi, halafu hamishia bia humo kwa mpira, taratibu, isirukeruke ikaingiwa na hewa.

Ile sukari guru aliyokupa bibi kunywea chai, inywee chai. Huwezi kujua ina maji kiasi gani, na asali ni hivyo hivyo: karibu sehemu moja ya tano ni maji, na hubadilika mzinga kwa mzinga. Mbege ya kwao Moshi hunywewa ingali hai, hakuna anayeizibia kifuniko, kwa hiyo makadirio ya bibi hayamwumizi mtu. Wewe unafunga kwenye kioo.

Tena usifunge mpaka haidromita isome namba ile ile siku tatu mfululizo. Bia isiyomaliza kuchachuka hupasua chupa hata sukari ikipimwa kwa mizani ya sonara. Tafuta chupa nzito, zipange ndani ya boksi lenye mfuniko, ziache wiki mbili kwenye joto la chumba. Ya kwanza ifungulie juu ya sinki, kisha unieleze imetoa povu gani.

Wako,
Mjomba