Bibi wa Mashua ya Pili

Mwezi Mei nilialikwa na rafiki anayeishi ndani ya mashua nyembamba huko Uingereza, wikiendi ya tamasha la Rickmansworth, kando ya mfereji wa Grand Union. Upana wa mashua ni kama mita 2 tu. Kupishana humo ni kazi. Nyingine ilifungwa ubavuni mwetu, na wenyewe walipita sitahani petu kwenda nchi kavu.

Jumamosi nilikuwa sitahani nikisali Masifu ya Asubuhi. Bibi mmoja akapiga hodi, amebeba tangi la choo. Nikajifanya sikusikia hadi zaburi ikaisha. (Na falsafa ya utu nimeisoma mwaka mzima!) Alisubiri kimya na mzigo wake.

Jumapili nikamgongea: “Bibi, leo nitabeba mimi.”

Akacheka. “Umeshamaliza sala?”