Barabara Ileile

Katika kiangazi cha mwaka 1997 mchoraji David Hockney alikuwa akisafiri kwa gari mara kwa mara kutoka Bridlington, mji wa pwani alikokuwa akiishi mama yake, hadi Wetherby, kumjulia hali rafiki yake Jonathan Silver. Silver alikuwa na saratani, na muda wake ulikuwa umebaki mfupi. Njia ilikatiza vilima vya Wolds, mashariki ya Yorkshire, baina ya mashamba ya nafaka yaliyokuwa yakibadilika rangi kadiri mavuno yalivyokaribia. Mgonjwa huyo, aliyekuwa amekigeuza kiwanda kikuukuu cha nguo cha Saltaire kuwa makao ya sanaa, alikuwa na ombi moja alilokuwa akilirudia: Hockney aichore Yorkshire. Safari hii ombi lilipokewa.

Halikuwa ombi jepesi. Hockney alizaliwa Bradford mwaka 1937, na tangu 1964 jina lake lilifungamana na Los Angeles, na mabwawa ya kuogelea yenye maji ya buluu, na jua lisilojua mawingu. Mashamba ya Wolds aliyajua kwa mikono kabla ya kuyajua kwa macho, kwani alipokuwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alifanya kazi huko likizoni wakati wa mavuno. Lakini mtu akishaondoka kwao, aghalabu huyaacha mandhari ya nyumbani kama anavyoliacha koti lililombana.

Picha za kwanza, kama vile "The Road across the Wolds" ya 1997 na "Garrowby Hill" ya mwaka uliofuata, hazikuchorwa kando ya njia. Zilitoka katika kumbukumbu ya dereva: barabara inapinda, inapanda, inatumbukia bondeni, na mashamba yanainuka huku na huku kama mikeka iliyoanikwa. Rangi zake zinachangamka mno kwa picha zilizoanzia katika safari za kumtazama mtu anayekufa. Ni picha nzuri. Hata hivyo, bado ni picha za mpita njia. Silver alifariki mwaka huohuo wa 1997, na mama yake Hockney akamfuata mwaka 1999.

Miaka michache baadaye mchoraji alirejea Bridlington kukaa, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, kwa sababu alisimamisha gari. Alichagua Woldgate, njia ya kale tangu enzi ya Warumi, ambayo mgeni angeipita bila kugeuza shingo. Hakuna mlima hapo, wala maporomoko. Kuna miti, vichaka vya miiba, na barabara nyembamba. Mwaka 2006 alikuwa akisimama mahali palepale msituni, mwezi baada ya mwezi, na kila mara akichora juu ya turubai sita zilizounganishwa. Msomaji wa visiwani, anayejua kuwa bahari ya kaskazi si bahari ya kusi hata ikitazamwa kutoka jiwe lilelile, hahitaji kuelezwa sana alichokuwa akikitafuta.

Majira ndiyo yaliyompangia kazi. Mwaka 2007 alichora "Bigger Trees near Warter", turubai 50 zilizopangwa pamoja hata zikafikia upana wa mita 12 na kimo cha zaidi ya mita nne. Miti ilikuwa mitupu, matawi yote wazi, na ilimbidi amalize kabla majani hayajachipua na kuyafunika. Turubai zote hazikuweza kusimamishwa pamoja alipokuwa akifanya kazi. Hivyo zilipigwa picha, zikaunganishwa kwa kompyuta, naye akaweza kuona alikofika. Mwaka uliofuata aliitoa kazi hiyo zawadi kwa jumba la Tate. Baadaye akaja kutumia iPad, na majira ya machipuko ya 2011 akayafuatilia hapo Woldgate kwa michoro 51 na picha moja kubwa ya turubai 32. Zilipoonyeshwa Royal Academy, London, mwaka 2012, wapo wahakiki waliolalamika kuwa rangi zinapiga kelele. Hawakukosa haki yote: baadhi ya kurasa hizo za kioo, zilipokuzwa, zilipoteza mkono wa mtu. Lakini aliyesimama mbele ya miti mitupu ya Warter hakuweza kusema hivyo.

Kando ya Woldgate palikuwa na kisiki kirefu, ambacho Hockney alikipa jina la Totem na kukichora mara nyingi. Katika "Winter Timber" ya 2009 kimesimama kwa rangi ya zambarau, magogo yamelala nyuma yake. Mnamo Novemba 2012 watu wasiojulikana walikipaka rangi, kisha wakakiangusha kwa msumeno. Mchoraji alirudi akakichora kilivyolala, kwa makaa.

Makaa hayo hakuyaweka chini. Alirudi kwenye barabara ileile, akachagua mahali patano, na kila mahali akapachora mara tano, tangu matawi matupu hadi kivuli cha majani. Michoro 25 ya mwaka 2013, yote ya kuja kwa machipuko, na hakuna hata mmoja wenye rangi.