Mwenye Hisa wa Mandewa

Mwaka 2017, Vodacom Tanzania ilipouza asilimia 25 ya hisa zake kwa umma kama sheria ilivyotaka, mama aliuza alizeti akanunua hisa 200, kila moja shilingi 850.

Julai 2021 ikaja tozo ya serikali kwenye miamala ya simu. Aliyetuma alikatwa, aliyetoa naye alikatwa. Baadaye mwaka huo, nikiwa chuoni Dar es Salaam, nilimpigia nikamsomea matokeo: mapato ya M-Pesa yameshuka.

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, watu wameacha kutumiana hela, au zinapita kwingine?"

Taarifa ile ilitaja tozo, haikutaja mabasi. Mama aliyajua. Bahasha zilikuwa zinafika Singida mikononi mwa makondakta, na ada ya mdogo wangu ilikuwa mojawapo. Yeye ndiye aliyeniagiza niitume hivyo.

"Kwa hiyo na wewe umeishusha kampuni yako," nikamtania.

Hakucheka. "Gawio ni la mwaka," alisema. "Ada inadaiwa Jumatatu."

Hisa hakuziuza. Mwezi uliofuata akanitumia namba ya kondakta mwingine.