Tiketi ya Northwich, Mchango wa Magadi

Kampuni ya Brunner Mond ilianzishwa mwaka 1873 huko Winnington, pembeni mwa Northwich, mji mdogo wa chumvi katika jimbo la Cheshire, Uingereza. Mwaka 1924 kampuni hiyo iliichukua Magadi Soda ya Kenya, iliyoanzishwa 1911 na kulemewa na gharama. Katika miaka ya 2000 zote mbili zikaingia mikononi mwa Tata ya India. Kwa hivyo Mkenya aliyekulia Umoja au Buruburu, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kisha akahamia Manchester, ana miji miwili ya machimbo yenye ukoo mmoja, na kila mmoja, akiwa upande huo, anaweza kuutembelea na kurudi siku hiyohiyo. Safari zenyewe, hata hivyo, hazifanani hata chembe.

Ya Northwich huanzia kwenye simu. Tiketi ya treni hulipiwa mapema, na ya makumbusho vilevile. Treni hutoka kituo cha Piccadilly, hupita Stockport, Altrincham na Knutsford, na abiria huketi na mkate wake begini bila kumsemesha jirani. Akifika humkuta mtu wa kumweleza kila kitu.

Na kuna mengi ya kuelezwa. Lion Salt Works, kijijini Marston karibu na Northwich, kilikuwa kiwanda cha ukoo wa Thompson tangu 1894. Maji ya chumvi yalivutwa kutoka chini ya ardhi, yakachemshwa kwenye masinia makubwa ya chuma hadi chumvi ikaganda, wafanyakazi wakiikusanya katikati ya mvuke na joto. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo iliuzwa Afrika Magharibi. Soko hilo lilipodorora, kiwanda kilifungwa mwaka 1986, kikabaki gofu hadi kilipokarabatiwa na kufunguliwa tena 2015 kama makumbusho. Mjini kwenyewe chumvi iliacha deni. Ardhi iliyotobolewa ilizama, ikameza maduka na nyumba, mpaka wajenzi wakaanza kujenga kwa fremu za mbao ili jengo likididimia liinuliwe kwa jeki. Maktaba ya mwaka 1909, zawadi ya John Brunner, mmoja wa waanzilishi wa Brunner Mond, ilijengwa hivyo, baada ya ile ya kwanza kuharibiwa na ardhi iliyokuwa ikitelemka.

Ya Magadi huanzia kwenye kikundi cha WhatsApp cha chama. Mweka hazina hutangaza mchango, M-Pesa zinaanza kuingia, na aliyetoka ng'ambo kwa likizo ya Desemba huombwa kwa upole "aongezee kidogo", maana yake alipie mafuta ya gari. Matatu ya kukodi imeahidiwa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili bado iko Donholm ikimsubiri mtu aliyesema yuko njiani, naye ndiyo kwanza anatafuta viatu. Hotipoti za chapati na pilau zimepangwa chini ya viti, muziki umefunguliwa, watoto wa majirani wamepakatwa. Hakuna anayelalamika sana, kwani safari imekwisha kuanza pale pale barabarani.

Baada ya Rongai na Kiserian barabara hufika Corner Baridi, kisha huanza kuporomoka. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, Magadi iko kama mita 600, na tofauti hiyo yote huingia dirishani kama pumzi ya jiko. Sweta zinavuliwa. Mbuzi na ng'ombe wa Wamaasai wanakatiza barabara bila haraka, na dereva mwenye busara hana haraka pia.

Njiani kuna Olorgesailie, ambako wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimba katika miaka ya 1940. Mashoka ya mawe yamelala pale yalipopatikana, yametandazwa ardhini kwa wingi wa kushangaza. Makumbusho ya Taifa yamejenga vijia vya kupita juu yake na kuweka watu wa kueleza. Mgeni hulipa, huongozwa, huuliza maswali, hujibiwa. Mambo hufanywa kama Marston, na hufanywa vizuri.

Ukishuka hadi mjini Magadi, maelezo yanakatika. Lakini mtoto wa Eastlands angeusoma mji huo bila mkalimani. Makongeni na Muthurwa zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na Magadi nayo ni mji wa mwajiri: nyumba, hospitali na bwawa la kuogelea vimetokana na kampuni, na cheo cha mtu kinaonekana kwenye nyumba anayokaa. Mtoto huyo anajua maana ya kupoteza kazi na paa siku moja.

Ziwa lenyewe wengi hulipiga picha tu. Flamingo, maji ya waridi, chemichemi za moto ambamo samaki wadogo wa jamii ya ngege wanaishi katika joto kali. Vijana wa Kimaasai huongoza wageni hadi huko kwa malipo ya kuelewana. Kazi kubwa inaendelea upande wa pili: maji ya chemichemi hukaushwa na jua, tabaka gumu la magadi hujijenga, mashine hulichimba na kulisaga, nalo husukumwa kwa bomba hadi kiwandani, likachomwa kuwa unga mweupe wa kutengenezea vioo, chupa na sabuni. Unga huondoka kwa reli ya Konza. Mama aliyekaa kivulini akifungua hotipoti ametia magadi kwenye kunde maisha yake yote, na hapa yuko mita chache tu kutoka chanzo. Kiwandani haingii bila kibali, na hilo ni sawa, kwa sababu kuna tanuri na mashine. Lakini nje ya lango pia hakuna wa kumsimulia.

Wakati huohuo Winnington iliacha kutengeneza magadi mwaka 2014, na kiwanda jirani cha Lostock kikafuata mwanzoni mwa 2025. Kule kazi imekufa na masimulizi yanauzwa kwa tiketi. Huku kazi iko hai baada ya zaidi ya miaka 100, na wazee waliostaafu kutoka kiwandani wako mitaani na midomo yao. Mzee mmoja wa aina hiyo kupanda matatu pale Kiserian, akalipwa kama anavyolipwa mwongozaji wa Olorgesailie, kungeugharimu mchango wa chama pesa kidogo kuliko nyama choma ya kurudi. Mweka hazina mwenye akili angeiweka gharama hiyo kwenye bajeti kabla ya ile ya mafuta.