Njia Niliyoichora Kaptagat

Ile njia niliichora mimi. Nimeona niseme wazi, maana wenzangu wa klabu wamelaumiwa kwa kosa ambalo si lao.

Tulitaka mahali pa kuendeshea magari yetu ya porini karibu na Eldoret. Tulikuwa tumevutiwa na Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini yaliyoanza mwaka 1989 na ambayo mapato yake yamejenga ua wa umeme kuuzunguka msitu wa Aberdare. Nikasahau jambo moja kubwa: Rhino Charge hupita mahali kwa siku moja, kisha huhama. Sisi tulikusudia kupita palepale kila Jumamosi.

Nikachagua mteremko katika msitu wa Kaptagat, nikaishusha njia moja kwa moja kutoka juu hadi chini, kwa kuwa huko ndiko dereva anakopata raha. Mvua za Aprili zikaja. Maji yakafuata alama za matairi, yakachimba vifereji viwili. Madereva wakavikwepa, na kila aliyekwepa akaipanua njia. Kufikia Agosti mizizi ya mitarakwa ilikuwa nje, na kijito cha bondeni kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mama mmoja aliyekuwa na mtungi aliniangalia, akasema, "Kijana wangu, haya maji ndiyo tunayopikia." Sikuwa na jibu.

Njia nzuri ya magari hukatizwa ubavuni mwa kilima, na mwinuko wake hauzidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe. Huachiwa vibonde vidogo vya kumwaga maji pembeni kabla hayajapata nguvu, na mvua ikizidi hufungwa. Haya yote yanajulikana, mimi sikuyatafuta.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sikumuuliza mtu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inaipa jamii nafasi ya kushiriki katika kusimamia msitu kupitia vyama vyake. Viongozi wa chama cha msitu wetu nilikutana nao mara ya kwanza walipokuja kulalamika. Kaptagat ndiko mwanariadha Eliud Kipchoge alikofanyia mazoezi, na alfajiri vijana wengi hukimbia kwenye vijia vya msituni. Mimi nikawapitishia magari hapo hapo.

Tangu Eldoret itangazwe jiji mwezi Agosti 2024, nasikia vijana wakidai tena uwanja wa magari na pikipiki za porini. Wana haki ya kuupata. Huko Pennsylvania, Marekani, kaunti ya Northumberland ilifungua uwanja wa aina hiyo mwaka 2014 kwenye ardhi iliyokwisha kuchimbwa makaa ya mawe. Nasi tuna matimbo yaliyoachwa baada ya mawe kwisha. Naiomba serikali ya kaunti ianzie huko, na atakayepewa kazi ya kuchora atembee kwanza na wenyeji, tena wakati wa mvua.

Nanyi wenzangu wa klabu, njooni na majembe na miche kabla ya mvua za Machi, tuifunge ile njia.