Kwa Mashua Hadi Ozi

Kyumbi hakuna chombo cha baharini hata kimoja. Ni makutano ya barabara: malori ya Mombasa yanapita bila kusimama, magari ya Machakos yanakata kona, na baina yao pana wauza matunda na wauza maji. Sisi, familia nne za asili ya pwani ambazo riziki imetuweka hapa, tumezoea kuulizwa na jamaa tunawezaje kuishi mahali pasipo na harufu ya chumvi. Likizo ya Agosti tuliifuata chumvi hiyo, na tuliikuta mahali isipotakiwa.

Mwaliko ulitoka kwa ami wa mmoja wetu, mwenye mashua Kipini. Wenye vyombo wa hapo na wa Ozi, kijiji kilichoko juu kidogo kando ya Mto Tana, walikuwa na kikao, naye akasema kwamba ikiwa twataka watoto waujue mto, basi tufuatane naye. Tulikuwa watu kumi na tisa, wake kwa waume, karibu nusu yetu watoto.

Barabara haina mengi ya kusimuliwa. Tulipovuka daraja la Sabaki, mbele ya Malindi, tuliwaonyesha watoto yale maji ya rangi ya udongo, tukawaambia kuwa huu ni Mto Athi ule ule wa kwetu, uliobadili jina ukawa Galana, kisha Sabaki. Walidhani twawatania.

Kipini iko pale Tana inapokutana na Bahari ya Hindi. Lakini mto huo ni mgeni hapo. Zamani uliingia baharini kusini zaidi, na ulioishia Kipini ulikuwa mto mdogo uitwao Ozi. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni ili kuiunganisha mito hiyo miwili, vyombo vipate kupita na bidhaa, na maji ya Tana yakaipenda njia mpya hata yakahamia. Kwa hiyo mto mrefu kuliko yote ya Kenya, wenye takriban kilomita 1,000, leo unaingia baharini kwa njia iliyofunguliwa na majembe ya watu.

Ilikuwa bamvua. Siku kama hizo maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa alasiri, na nahodha hakutaka kusikia habari ya kuondoka mapema. "Mto huu haukwewi, mama zangu," alisema. "Bahari ndiyo inayokupandisha." Wanawake na watoto tuliketi upande wa tezi, wanaume wakaenda omo. Kila mtoto alivishwa jaketi la kuokolea kabla nanga haijang'olewa. Mmoja wetu alipolalamika kuwa jaketi halikai vizuri juu ya buibui, ami alijibu kwa upole kwamba basi chombo hakiondoki. Likavaliwa. Twalitaja jambo hili kwa kuwa tunawajua kina mama wengi ambao wangeona haya kulidai, na manahodha wengi wasiolitoa mpaka liulizwe.

Tukasoma dua ya safari, tanga likapandishwa, upepo wa kusi ukatusukuma. Kwa muda wa saa nzima hapakuwa na sauti ila ya maji na ya foromali ikilia mlingotini. Mikoko ilisimama kila upande, mizizi yake nje kama vidole vya mtu anayejishikilia matopeni. Penye kona upepo ulikatika, mabaharia wakashika pondo, wakatusukuma taratibu huku mmoja akitazama mbele kwa ajili ya viboko. Tuliwaona wawili, walituangalia kwa dharau, wakazama. Baadaye mikoko ilipungua, ikaanza miembe na minazi na vibanda vya kulindia mpunga. Mtoto mmoja akachovya kidole majini, akakilamba, akasema bado ni chumvi. Nahodha hakucheka.

Tulifika Ozi wenyeji wakitoka kuswali alasiri. Sisi, tukiwa wasafiri, tuliswali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kisha tukakaribishwa kwa wali na samaki wa nazi. Kikao kilikuwa chini ya mwembe. Kina mama walitandikiwa mikeka upande mmoja, na walisikilizwa, jambo lililotupendeza. Habari za leseni na za nyavu zenye matundu madogo zilipita upesi. Kilichowachukua hadi karibu na magharibi ni nauli ya mtungi wa maji.

Hapa yataka maelezo. Kwa vizazi vingi watu wa Ozi wamelima mpunga bila pampu: bahari ikijaa, husukuma maji matamu ya mto kurudi nyuma, nayo huingia mashambani, kisha yakatoka maji yakipwa. Utaratibu huo hutegemea mto uje na nguvu. Mto ukidhoofika, kinachopanda ni chumvi yenyewe. Tulionyeshwa konde lililoachwa, udongo wake una ukoko mweupe. Visima navyo vimeharibika. Wakati wa kiangazi wanawake hupanda mto kwa mitumbwi kutafuta maji ya kunywa, na asiye na mtumbwi huomba nafasi katika chombo cha mwingine. Mama mmoja alituambia kwamba huondoka baada ya alfajiri na kurudi jua la utosi, akipiga kafi yeye na bintiye, macho yakitafuta mamba.

Mzee mmoja alisimama akakumbusha mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto, vipi basi mtungi utozwe pesa? Kijana mwenye mashua akamjibu kwa adabu kuwa maji hayauzi, ila chombo kina kalafati, kina tanga linalochakaa, kina mabaharia wenye watoto. Wote wawili walisema kweli, na ndiyo sababu kikao kilirefuka. Mwishowe wakakubaliana kwamba chombo kinachorudi kitupu kutoka mashamba ya juu kichukue mitungi ya wajane na wagonjwa bila malipo, na wengine walipe kidogo. Wenye vyombo wawili waliondoka wakinung'unika. Mama yule alisema tu kwamba ataona kiangazi kijacho.

Kisha mtu akatuuliza tumetoka wapi. Tulipotaja Machakos, akatikisa kichwa: "Kumbe nyinyi ndio wa juu."

Hatukuwa na la kusema. Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, liko katika Mto Tana huo huo, na ukingo wake mmoja ni Kaunti ya Machakos. Kabla yake kulijengwa Kindaruma, 1968. Baada yake Kiambere, 1988. Na mengine yapo baina yao. Maji ya Ndakaini yanywewayo Nairobi ni ya Mto Thika, mtoto wa Tana. Ukame una sehemu yake katika chumvi ya Ozi, na bahari ina yake. Hatuwezi kuyabebesha mabwawa lawama yote, na taa zinazowasomesha watoto wetu Kyumbi zatoka katika umeme ambao mabwawa hayo huuchangia. Lakini usiku ule, tumelala chini ya vyandarua vya watu, tulizungumza sana juu ya hukumu ya Mtume (s.a.w.) baina ya Zubair na jirani yake wa Kiansari kuhusu mfereji wa Harra: aliye juu amwagilie, kisha amwachilie jirani maji. Mwanamume mmoja wa kundi letu alisema mfereji si mto wenye mitambo ya umeme. Mkewe akamuuliza tofauti ni nini kwa aliye chini. Tulimsubiri ajibu mpaka usingizi ukatuchukua.

Tulishuka na maji ya kupwa baada ya alfajiri, bila tanga, mto ukitubeba wenyewe.

Familia zitakazopenda kwenda ziulize kwanza siku za bamvua, maana wakati wa maji mafu mashua hukwama. Buibui fupi ni bora kuliko refu. Msisahau vyandarua. Na maji ya kunywa yachukueni kutoka Malindi, mitungi ya kutosha kwenda na kurudi: wenyeji wa Ozi watawapa yao kabla hamjaomba, nanyi mmekwisha kujua yametoka wapi.